Barabara ya kilomita 18, abiria 6,000 kwa saa: tuipanue au tuwape mabasi njia yao?

Mpangaji_Kanda aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba michango ya wenye uzoefu wa mipango ya usafiri mijini. Mji una watu kama milioni 4 na unakua kwa takriban asilimia 4 kwa mwaka. Barabara kuu inayohusika ina kilomita 18, kutoka makazi ya pembezoni hadi katikati ya mji. Hifadhi ya barabara ni mita 36 karibu kote, isipokuwa kipande cha kilomita 2 karibu na katikati ambacho kimebanwa na majengo na kina mita 26 tu. Makutano yenye taa yako 20. Usafiri wa umma ni mabasi madogo ya watu binafsi, na mahali penye shughuli kubwa asubuhi inakadiriwa hupita abiria 6,000 kwa saa kwenda mjini.

Mezani kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kupanua barabara ifike njia 8 na kujenga barabara za juu kwenye makutano matatu. La pili ni njia maalumu ya mabasi katikati ya barabara. Kabla mshauri mwelekezi hajaajiriwa, ningependa kuelewa: takwimu zipi ziwe mkononi, je mita 36 zinatosha, yatahitajika mabasi mangapi, na wenye mabasi madogo wawekwe wapi katika mpango huu?

---

MpimaAbiria alijibu:

Mkuu, anza kwa kuitilia shaka hiyo 6,000. Imepatikanaje? Mara nyingi mtu huhesabu magari, akazidisha kwa idadi ya viti, akaishia hapo. Asubuhi basi la viti 25 linaweza kuwa na watu 38, na likirudi lina 6. Hesabu inayofaa ni ya magari pamoja na kiwango cha kujaa. Mhesabuji husimama kando ya barabara na kuweka kila gari kwenye daraja mojawapo kati ya matano: tupu, nusu ya viti, viti vyote, wamesimama kiasi, wamebanana. Siku moja kabla, pandisheni watu ndani ya magari 30 au 40 ya kila aina wahesabu vichwa, ili mjue "wamebanana" kwenye gari la aina hiyo maana yake ni watu wangapi.

Andikeni kwa vipande vya dakika 15, saa 12 asubuhi hadi saa 4, kisha saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku, Jumanne hadi Alhamisi, siku tatu. Msipime wiki ya likizo za shule wala siku ya mvua kubwa. Wekeni angalau vituo vinne vya kuhesabia kando ya barabara yote, kwa sababu sehemu yenye mzigo mkubwa kabisa huwa si ile ambayo kila mtu anaidhania. Na msisimame mara tu baada ya stendi kubwa: magari hutoka hapo yamejaa, nusu ya abiria wakashuka mita 600 mbele, nanyi mkabaki na takwimu ya uongo.

Hatua ya pili ni kupanda magari yenyewe. Kwa kila ruti, safari tatu za saa za kilele na mbili za mchana, kila upande. Simu inarekodi njia na muda, mtu anaandika waliopanda na walioshuka kila kituo. Matokeo yapangwe kwenye faili za GTFS, yaani muundo wa wazi wa kuandika takwimu za ruti, vituo na ratiba za usafiri wa umma. Kwa kuwa mabasi madogo hayana ratiba ya saa, tumieni faili ya frequencies.txt, inayoeleza kwamba gari hupita kila baada ya dakika kadhaa, badala ya kubuni saa za kuondoka ambazo hazipo. Nairobi matatu zilichorwa kwa njia hii, na ramani na takwimu zake zilitolewa hadharani mwaka 2014, kwa hiyo si jambo linalohitaji mitambo ya ajabu.

Tatu, waulizeni abiria vituoni maswali matatu tu: umetoka wapi, unakwenda wapi, safari hii unapanda magari mangapi. La tatu ndilo lenye uzito. Watu wengi wakipanda magari mawili, maana yake ruti zimekatwa vibaya, na mfumo mpya ukiongeza badiliko la tatu watauhama.

Msiwasahau wanaotembea kwa miguu na wanaobebwa na pikipiki. Hesabu nyingi huwaacha kwa kuwa fomu haina safu yao, halafu mchoro unatoka bila vivuko.

---

RatibaKwanza alijibu:

Nitashika swali la mabasi. Tuichukulie 6,000 kuwa sahihi kwa sasa.

Basi la mita 18 lenye kiungo katikati hubeba kama watu 150 likijaa. Usipange kwa 150; panga kwa asilimia 85, yaani 127 hivi, kwa sababu abiria hawaji kwa usawa na basi likijaa kabisa muda wa kusimama kituoni hupanda ghafla. 6,000 gawanya kwa 127 ni mabasi 48 kwa saa, basi moja kila sekunde 75.

Sasa angalia kasi inavyoamua kila kitu. Kilomita 18 kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa ni dakika 45. Kwenda na kurudi 90, ongeza dakika 10 za kupumua kila mwisho wa ruti, mzunguko ni dakika 110. Mabasi yanayohitajika barabarani ni 48 × 110 ÷ 60 = 88. Mabasi hayohayo yakichanganywa na magari mengine na kwenda kilomita 12 kwa saa, mzunguko unakuwa dakika 200, na idadi inapanda hadi 160. Abiria ni walewale. Ongeza asilimia 10 ya akiba kwa ajili ya matengenezo: 97 dhidi ya 176. Kwa hiyo anayesema njia maalumu ni anasa aulizwe nani atanunua mabasi 79 ya ziada, nani ataajiri madereva wake, na yatalala wapi.

Jambo la pili ni vituo. Njia ya mabasi haijai katikati ya barabara, hujaa kituoni. Pima hivi: idadi ya mabasi kwa saa, zidisha kwa sekunde ambazo kila basi linasimama, gawanya kwa 3,600. Jibu, yaani sehemu ya saa ambayo jukwaa lina basi, lisizidi 0.4. Likizidi hapo, foleni ya mabasi huanza kujengeka nyuma ya kituo hata kama hesabu ya wastani inaonyesha nafasi bado ipo.

Chukua kituo ambacho kila basi linapandisha na kushusha watu 25. Kama nauli inalipwa kwa dereva kupitia mlango mmoja, kila mtu sekunde 3, basi ni sekunde 75 pamoja na kama 10 za kufika, kufungua na kufunga. Jumla 85. 48 × 85 ÷ 3,600 ni 1.13, yaani haiwezekani kabisa, mabasi yatarundikana hadi kituo cha nyuma. Nauli ikilipwa kabla ya kuingia jukwaani, jukwaa likiwa sawa na sakafu ya basi, milango mitatu au minne ikifunguka pamoja, kusimama kunashuka hadi sekunde 20. Hapo unapata 0.27. Tofauti yote hiyo ni ya geti la nauli na kimo cha jukwaa. Pengo kati ya basi na jukwaa lisizidi sentimita 10. Likizidi watu huanza kuangalia chini kabla ya kuvuka, na zile sekunde zinarudi.

Kwa ukuaji wa asilimia 4 mji unakuwa mara mbili baada ya miaka 17 au 18. Mabasi 96 kwa saa, tuseme kusimama sekunde 24: 0.64. Kituo cha jukwaa moja kimekufa. Dawa yake ni majukwaa mawili kwa kila upande na njia ya kupitana, mzigo ugawike 0.32 kila moja. Njia hiyo ya kupitana usipoitengea ardhi leo, hutaipata.

---

Mchora_Sehemu alijibu:

Naunga mkono hesabu za RatibaKwanza, nazipeleka kwenye mita 36.

Mahali pasipo na kituo: njia mbili za mabasi za mita 3.5 ni 7, vizuizi viwili vya nusu mita ni 1, njia nne za magari mengine za mita 3.25 ni 13, baiskeli mita 2 kila upande ni 4, watembea kwa miguu mita 3 kila upande ni 6, ukanda wa miti, nguzo na mitaro mita 1.5 kila upande ni 3. Jumla 34. Zinabaki mita 2.

Kwenye kituo chenye jukwaa moja la kati la mita 4 inakuwa 38. Ukiondoa ukanda wa miti kwa urefu wa kituo tu, unarudi 35. Inaingia.

Ukitaka njia ya kupitana pande zote mbili mahali pamoja, haiingii. Suluhisho ni kuyapisha majukwaa: la kwenda mjini linakaa hapa, la kurudi linakaa mbele kidogo, ili mahali popote uwe na jukwaa moja la mita 3 na njia moja ya ziada ya mita 3.5. Hiyo ni 34 + 6.5 = 40.5. Ondoa miti, 37.5. Punguza njia za magari hadi mita 3.0, ni 36.5. Punguza vizuizi hadi robo mita, ni 36 kamili. Imebana kweli, ila inaingia bila kubomoa nyumba ya mtu. Faida nyingine ya mpangilio huu ni kwamba milango ya basi inabaki upande wake wa kawaida, hivyo basi hilohilo linaweza kutoka kwenye njia maalumu na kuhudumia vituo vya kando ya barabara.

Tahadhari moja kabla hujanunua chochote: kimo cha jukwaa. Ukijenga majukwaa ya sentimita 90, umejifunga kwa mabasi ya sakafu ya juu ambayo hayawezi kusimama kwenye kituo cha kawaida. Ukijenga ya sentimita 30 hadi 35 kwa mabasi ya sakafu ya chini, una uhuru wa ruti. Bogotá, Colombia, ilipoanza mwaka 2000 ilichagua shina na mabasi mlishi, yaani mengine yanabaki njia maalumu na mengine yanawaleta abiria kutoka mitaani, abiria wanabadilisha kwenye vituo vikubwa vya mwisho. Guangzhou, China, mwaka 2010 iliacha ruti nyingi ziingie na kutoka kwenye njia maalumu. Kwa mji ambao watu tayari wanachoshwa na kubadilisha magari, mfumo wa Guangzhou ndio naupendelea, ingawa unadai usimamizi mkali wa nani anaruhusiwa kuingia.

Kipande cha mita 26: mabasi 7, vizuizi 1, njia moja tu ya magari kila upande 6.5, baiskeli 4, waenda kwa miguu 6. Jumla 24.5. Usiweke kituo ndani yake, weka kabla na baada. Magari mengine yapelekwe barabara sambamba kama ipo.

Hapo ndipo atatokea mtu mwenye cheo aseme, "kilomita mbili tu, mabasi yachanganyike." Mpe hesabu. Kilomita 2 kwa kasi ya 24 ni dakika 5. Ndani ya foleni kwa kasi ya 8 ni dakika 15. Dakika 10 zimepotea kila upande, 20 kwa mzunguko, mabasi 16 zaidi. Zaidi ya hapo mwachano kati ya basi na basi unavurugika: basi lililochelewa linakuta abiria wengi, linasimama zaidi, la nyuma linalifikia, na kilomita 16 zilizobaki unaona mabasi matatu yakifuatana kisha dakika nne hakuna kitu.

---

Awamu_Mbili alijibu:

Watu wakisikia makutano 20 wanafikiria barabara za juu. Tazameni taa kwanza.

Makutano yenye awamu nne, yaani zamu nne za kijani kwa pande tofauti, na mzunguko wa sekunde 120 hulipatia basi kijani kama sekunde 27. Nyekundu ni 93. Basi linalofika wakati wowote husubiri wastani wa nyekundu kipeo cha pili gawanya kwa mzunguko mara mbili: 8,649 ÷ 240, sekunde 36. Ukipunguza awamu ziwe mbili, mzunguko 90, kijani 40, wastani unashuka hadi sekunde 14. Umeokoa sekunde 22 kwa kila makutano. Mara 20 ni dakika 7 na ushee kwa kila upande, karibu 15 kwa mzunguko, ambazo ni mabasi 11 au 12 usiyoyanunua.

Awamu zinapungua kwa kuzuia magari kukata kuvuka njia ya mabasi. Kwenye nchi zinazoendesha kushoto, hiyo ni kona ya kulia. Dereva anapita makutano, anageuka kushoto mara tatu kuzunguka mtaa, kisha anavuka moja kwa moja. Kama mitaa ya nyuma ni ya vumbi au imezibwa na meza za biashara, kanuni hii itavunjwa wiki ya kwanza, kwa hiyo mitaa hiyo itengenezwe kabla ya kuzuia kona.

Kipaumbele cha basi kwa vihisi si cha kukimbilia hapa. Basi likipita kila sekunde 75 kwa kila upande, taa itaombwa kijani muda wote na barabara inayokatiza itasimama. Panga taa kwa kasi ya basi kati ya kituo na kituo, inatosha. Vituo navyo viwe mita 40 au zaidi kutoka kwenye makutano, la sivyo basi linalosubiri nyekundu linamzuia mwenzake kufika jukwaani.

Kuhusu njia 8: njia moja ya magari mjini hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Kuongeza moja kila upande hakufiki hata theluthi ya hao 6,000. Barabara ya juu nayo huwahisha magari kwenye foleni inayofuata. Barabara ya Katy Freeway ya Houston ilipanuliwa hadi njia 26 sehemu pana kabisa, kazi ikakamilika 2008; haikuchukua miaka mingi muda wa safari za kilele ukarefuka tena.

---

FundiZege alijibu:

Fupi. Njia ya mabasi msiweke lami vituoni. Basi linasimama palepale, matairi yanapita palepale, lami inalainika kwa joto na kufanya mabonde, basi linainama na lile pengo la sentimita 10 halishikiki tena. Zege kwenye vituo na kwenye makutano ni lazima. Njia nzima ikiwezekana.

Uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli ya tani 13 inaumiza karibu mara 2.9 ya ekseli ya tani 10. Msanifu apewe uzito wa basi likiwa limejaa, asisanifu kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Na zege lenyewe halijiokoi: vibamba vya Bogotá vilianza kupasuka miaka ya mwanzo kwa sababu ya tabaka lililowekwa chini yake. Maji yakipata njia chini ya kiungo, udongo unasukumwa nje kila basi linapopita, na kibamba kinabaki kinaning'inia.

Karakana isiwe bondeni. Ardhi ya bondeni hupatikana kirahisi kwa sababu hakuna anayeitaka. Karakana ya Jangwani, Dar es Salaam, imefurika zaidi ya mara moja.

---

Mikataba_na_Nauli alijibu:

Swali la wenye mabasi madogo limewekwa mwisho, nami nasema lilipaswa kuwa la kwanza. Lami inajengwa kwa miaka miwili. Makubaliano na wamiliki elfu moja wenye gari moja au mawili huchukua muda huohuo au zaidi.

Kinachowafanya madereva wakimbizane na kukatishana ni namna wanavyolipwa: anapeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho chake. Ukiwahamishia kwenye mabasi makubwa na bado ukawalipa kwa idadi ya abiria, watakimbizana na mabasi makubwa. Mfumo unaofaa ni malipo kwa kilomita iliyotekelezwa kwa mujibu wa ratiba, na sehemu ya malipo ikatwe au iongezwe kwa kushika muda, usafi na usalama. Seoul ilifanya hivyo Julai 2004: ruti zikapangwa upya, malipo yakawa ya kilomita, nauli zikaunganishwa kwa kadi moja. Siku za kwanza mashine za kadi zilisumbua, lakini mfumo ukasimama.

Santiago ya Chile nayo ilibadilisha mji mzima kwa siku moja, tarehe 10 Februari 2007. Mabasi yalikuwa pungufu, njia maalumu nyingi hazijajengwa, vifaa vya kufuatilia mabasi havijawa tayari, na watu wakafurika kwenye treni ya chini ya ardhi. Ukitaka kulinganisha miji hii miwili, angalia kilichokuwa tayari siku ya kufungua. Kwa hiyo mimi ningeanza na ruti za barabara hii moja tu, nizipe miezi sita.

Mpangilio wa fedha: anayekusanya nauli asiwe yuleyule anayeendesha mabasi. Nauli iingie kwenye akaunti ya pamoja inayolipa kwa mpangilio ulioandikwa: waendeshaji, msimamizi wa kadi, mamlaka. Waendeshaji wawe wawili au zaidi. Akiwa mmoja na akagoma au akafilisika, mji mzima umeshikwa koo, na mamlaka haina cha kulinganisha gharama.

Orodha ya wamiliki ifungwe kabla ya kutangaza fidia au hisa. Sajilini gari, ruti, leseni na dereva, pigeni picha, kisha tangazeni tarehe ya mwisho iliyokwisha kupita. Mkitangaza kwanza, magari mabovu yatafufuliwa kutoka kila gereji ili yafidiwe.

Msipange pia kwamba mabasi madogo yatafutwa. Yatakuwa mlishi kwenye mitaa ambayo basi la mita 18 haliingii. Yatakayoondolewa ni yale yanayokwenda sambamba kwenye kilomita hizi 18.

---

Mpangaji_Kanda aliandika:

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Mawili yamebaki. Kuna shinikizo la kuanza na mabasi ya umeme moja kwa moja. Na kuna wanaotaka abiria wafike kwenye vituo vya kati kwa madaraja ya juu ya waenda kwa miguu, kwa usalama. Mnaonaje?

---

RatibaKwanza alijibu:

Umeme unawezekana. Shenzhen ilikuwa imegeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kufikia mwisho wa 2017. Ila fanya hesabu ya karakana mapema. Basi la mita 18 hula kama kilowati-saa 2 kwa kilomita. Likienda kilomita 220 kwa siku ni 440. Mabasi 88 ni karibu 38,700 kila usiku. Muda wa kuchaji ni saa 6, kwa hiyo unahitaji megawati 6.5, na ukiweka upotevu, 7 kamili. Huo si mzigo wa kuunganisha kwenye nguzo iliyo jirani. Ni kituo chake cha kupozea umeme, na ombi liende shirika la umeme pamoja na michoro ya kwanza.

Betri nayo huchoka. Ukitumia asilimia 80 tu ya uwezo wake ili isiharibike, na baada ya miaka uwezo wenyewe ukashuka hadi asilimia 80, unabaki na 64. Ili upate 440 siku hiyo unahitaji betri ya karibu 690, ambayo ni nzito na inakula nafasi ya abiria. Kwa hiyo nunua betri ndogo na uchaji tena mchana, kati ya saa 4 na saa 9, nusu ya mabasi yanapokuwa hayana kazi.

Msimamo wangu: njia maalumu kwanza. Basi la umeme lililokwama kwenye foleni ni foleni isiyo na moshi.

---

Mchora_Sehemu alijibu:

Madaraja hapana, isipokuwa pale ambapo barabara ni ya mwendo kasi kweli na haina taa. Daraja lazima lipite juu ya magari kwa mita 5.5, na unene wake nusu mita, kimo ni mita 6. Mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, kwa hiyo mita 72 za mteremko kila upande, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia. Mtu anayetaka kuvuka mita 10 hadi jukwaani unamtembeza zaidi ya mita 150. Ataruka kizuizi, na ataruka mahali pasipo na taa.

Weka kivuko cha kawaida cha barabarani chenye taa kwenye kichwa cha jukwaa, kikiwa kimeinuliwa kama sentimita 15 kufikia kimo cha njia ya waenda kwa miguu, ili gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisiwa cha kusubiria katikati kisipungue mita 1.5, mita 2 inamfaa mwenye baiskeli au mkokoteni wa mtoto.

---

MpimaAbiria alijibu:

Nyongeza moja kuhusu ukuaji, maana wengi wameizungumzia barabara iliyopo tu. Huko pembezoni ambako mji unaelekea, tengeni sasa gridi ya barabara kuu za mita 30 kila kilomita moja. Inachukua asilimia 6 tu ya ardhi wakati bado ni mashamba. Zinaweza kubaki za changarawe miaka kumi, muhimu ni mipaka iwekewe mawe na isajiliwe. Curitiba, Brazili, iliweza kuanzisha mabasi yake ya njia maalumu mwaka 1974 kwa kuwa mpango wa ardhi na mpango wa usafiri vilikwenda pamoja: majengo marefu yaliruhusiwa kando ya barabara za mabasi.

Ada ya magari kuingia katikati ya mji iacheni kwa baadaye. Stockholm iliongeza mabasi Agosti 2005, ada ya majaribio ikaanza Januari 2006. Maegesho yanaweza kuanza mapema zaidi: futeni kanuni inayomlazimisha mjenzi kuweka idadi ya chini ya maegesho ndani ya mita 500 za kila kituo. Mexico City iliondoa kiwango hicho cha chini mwaka 2017 na kuweka kikomo cha juu badala yake.

Na kwenye hadidu za rejea za mshauri, andikeni kwamba takwimu ghafi zote ni mali ya mji: fomu za hesabu, faili za GTFS, majibu ya abiria na modeli yenyewe ikiwa inafunguka, bila nywila. Ripoti ya kurasa 400 ya PDF haiwezi kuhesabiwa upya namba zikibadilika.